Masini yako ya Linux imekuwa bubu? Ngoja kwanza mbele ya kulipa fundi

"Yaya, masini yangu haina tena sauti. Fundi anasema kadi ya sauti imeungua, anaomba dola 35. Nifanye je?"

Ujumbe huu niliupata Ijumaa moja mangaribi. Aliyeandika ni mudogo wangu wa fakilte, yuko anamaliza lisansi yake ya agronomia. Alikuwa na mahojiano 26 aliyoyarekodi kwa simu na wakulima wa mihogo, Walungu na Kabare. Alipaswa kuyaandika yote neno kwa neno na kupeleka sura ya tatu kwa direktere wa memwari yake siku ya Jumatano. Simu iliyorekodi ilikuwa imeshaibiwa sokoni, rekodi zilibaki paka ndani ya ile masini. Na dola 35, wote tunajua ni nini kwa mwanafunzi anayelipa nyumba, fotokopi na frais za depo.

Nikamjibu: "Mudogo wangu, usilipe kitu. Kesho asubui niletee hiyo masini."

Kesho yake, kisha kama nusu saa, sauti ilirudi. Hakuna kitu kilikuwa kimeungua. Toka siku ile watu wengine kama watano wameniletea tatizo kama lile, njo maana naliandika hapa mara moja kwa wote. Mimi si enjinia wa informatiki, nilisoma udongo na mimea. Lakini natumia Linux toka mwaka wa pili wa graduat, na sauti ni kitu kimoja ambacho kimenisumbua mpaka nikakijua.

Wengi wetu tuko kwenye Linux kwa sababu moja: masini ni ya okazio, ina giga 4 za RAM ao chini, na Windows inaifanya itambae kama konokono. Mtu anakuwekea Linux Mint ao Xubuntu, masini inafufuka, unafurahi. Kisha siku moja sauti inapotea, na fundi wa pembeni ya barabara anayejua vizuri Windows hajui afungue wapi. Hapo anasema "kadi imeungua". Simlaumu sana, kila mtu anasema ugonjwa anaoujua. Sisi wenyewe shambani, mkulima anaona jani la muhogo limekuwa njano, anasema mbolea haitoshi, kumbe ni virusi vya mozaiki vilivyoletwa na nzi weupe. Anamwaga mbolea, muhogo unabaki mgonjwa.

Sasa tuelewe kwanza sauti inapita wapi. Usiruke sehemu hii, kwa sababu ukishaielewa hautahitaji kukariri amri hata moja.

Chukua mfereji wa kumwagilia. Kuna chanzo, kuna mfereji mkubwa unaogawa maji, kuna robine za mwisho, na kuna shamba. Kwenye Linux, chanzo ni programu inayotoa sauti: VLC, Firefox, kicheza muziki chako. Mfereji mkubwa ni seva ya sauti, programu inayokaa nyuma na kukusanya sauti za programu zote, kisha kuzipeleka kwenye kifaa kimoja. Zamani seva hiyo ilikuwa PulseAudio. Siku hizi mara nyingi ni PipeWire: Fedora iliichukua mwaka 2021 na toleo lake la 34, Ubuntu ikafuata na toleo 22.10, na Linux Mint ikaingia na toleo 22 mwaka 2024. Robine za mwisho ni ALSA, sehemu iliyo ndani ya kerneli yenyewe, inayoongea na chip ya sauti. Iko ndani ya kerneli rasmi toka toleo 2.6, mwisho wa mwaka 2003. Shamba ni bafle, ekutere, ao televizio.

Kila fasi kati ya hizo iko na robine yake. VLC iko na yake. Seva inashika robine moja kwa kila programu, na ingine kwa kila kifaa. ALSA iko na kundi zima: Master, Speaker, Headphone, PCM. Robine moja tu ikifungwa, maji hayafiki, hata kama zingine zote umezifungua mpaka mwisho. Njo maana mtu anaweza kupandisha kile kialama cha sauti cha chini ya ekrani mpaka 100 na asisikie kitu.

Na robine hizi hazijumlishwi, zinazidishana. Ukiweka kifaa kwenye asilimia 50, seva haikupi nusu ya nguvu kama unavyofikiri. Kipimo kile kimetengenezwa kwa kufuata sikio, na asilimia 50 ni kama desibeli 18 chini ya kiwango cha kawaida. Weka na programu kwenye 50, unashuka desibeli 36. Watu wengi wanaosema "sauti iko lakini ni ndogo sana" tatizo lao ni hilo tu: robine mbili ziko nusu nusu, na wao wanaangalia moja.

Basi, mudogo wangu alipofika, kitu cha kwanza sikugusa hata masini. Nilitosha ekutere zangu mfukoni, nikazichomeka. Sauti ikaja, safi kabisa: mama mmoja wa Walungu anaeleza namna anavyochagua vipande vya kupanda.

"Kumbe inasemaka!" akasema.

"Inasema. Fundi alijaribu na ekutere?"

"Apana, aliangalia tu, akasema imeungua."

Hapo hapo nilijua dola 35 zimepona. Kwenye laptopu, bafle na shimo la ekutere kwa kawaida vinalishwa na chip moja. Kama ekutere zinasema, chip ni nzima, draiva ni nzima, seva inafanya kazi. Kinachobaki ni kipande kidogo cha njia, kati ya chip na bafle. Na hata kama ingebaki vile, angeweza kuandika mahojiano yake yote na ekutere mpaka Jumatano. Jaribio la sekunde 10, bila hata franka moja. Lifanye kila mara mbele ya mengine yote.

Kisha nilifungua pavucontrol. Kama hauna, iweke leo ile ungali na mega, si siku ya tatizo:

sudo apt install pavucontrol

Ni ndogo, haili mega nyingi, na inafanya kazi na PulseAudio hata na PipeWire. Masini zetu mingi ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo utaona kurasa tano: Lecture, Enregistrement, Périphériques de sortie, Périphériques d'entrée, na Configuration. Cheza wimbo, uache ucheze, kisha angalia ukurasa wa Lecture. Programu yako inapaswa kuonekana pale, na chini yake kamstari kanakoruka ruka kufuata muziki. Kamstari hako njo kipimo chako cha maji. Kama programu haionekani, tatizo liko kwenye programu yenyewe. Kama inaonekana na kamstari kanaruka, maji yametoka kwenye chanzo. Enda sasa Périphériques de sortie: kama na pale kanaruka, maji yamepita mfereji mkubwa, na shida iko mbele zaidi, upande wa ALSA ao wa vyuma. Kama pale kamelala, basi sauti inaenda kwenye kifaa kingine. Angalia vifaa vyote vilivyo kwenye orodha, utaona kamoja kanakoruka peke yake, mara nyingi HDMI.

Kwa mudogo wangu, kamstari kaliruka fasi zote mbili. Lakini kwenye Périphériques de sortie kulikuwa kitu kingine. Pale palipoandikwa Port, masini ilikuwa imechagua ekutere, na pembeni imeandika "branché", ni kusema zimechomekwa. Nami nilikuwa nimeshazitosha! Zilikuwa mezani.

Hapo njo ugonjwa ulionekana. Ndani ya shimo la ekutere kuna namna ya kuhisi kama kitu kimechomekwa. Vumbi ikiingia, ao chuma kidogo kikipinda kwa kuchomeka na kutosha kila siku, shimo linaanza kusema uongo: linaambia masini kuna ekutere, na masini inazima bafle kwa adabu. Inafanya paka kazi yake.

Tulifanya vitu vitatu. Kwanza, tulichomeka na kutosha ekutere mara kama kumi, na kupuliza shimo. Wakati ingine hiyo peke yake inatosha. Kwake haikutosha. Pili, tulifungua terminali, nikaandika:

alsamixer

Inatokea mistari mirefu kama vipimo vya mvua. Finya F6 uchague kadi ya kweli (mara nyingi jina lake ni HDA Intel PCH, ao HD-Audio Generic kwenye masini za AMD), kwa sababu ya kwanza inayoonekana, "default", ni seva tu, haikuonyeshi robine za chini. Chini ya kila mstari kuna herufi mbili: OO ni wazi, MM ni imefungwa. Unahama na mishale ya kushoto na kuume, unapandisha na mshale wa juu, na herufi M inafunga na kufungua. Speaker yake ilikuwa MM. Ukiendelea kuume, mbali kidogo, kuna kitu kimeandikwa Auto-Mute Mode. Kilikuwa Enabled. Nikakiweka Disabled kwa mshale, nikafungua Speaker, nikapandisha.

Bado kimya! Kwa sababu seva nayo ilikuwa imechagua mlango wa ekutere. Kwa hiyo kitu cha tatu: kurudi kwenye pavucontrol, Périphériques de sortie, pale kwenye Port, kuchagua Haut-parleurs kwa mkono. Sauti ya yule mama wa Walungu ikajaa chumba. Mwisho, ili ALSA ikumbuke:

sudo alsactl store

Tukazima masini, tukaiwasha, sauti ikabaki. Kuna masini ambazo seva inarudilia mlango wa ekutere kila mara zinapowashwa, kwa sababu shimo linaendelea kusema uongo. Basi unachagua tena Haut-parleurs, ni mibofyo miwili tu. Ukitaka dawa ya kweli, ni kubadilisha shimo lenyewe, na hiyo si kazi ya dola 35 ya "kadi ya sauti". Laptopu haina hata kadi ya kutosha na kuweka: chip imechomwa kwenye ubao mkubwa. Mtu akikuambia ataitosha aweke ingine, muulize ataitosha wapi.

Hiyo ni kesi moja. Kuna ingine ambayo ni mbaya zaidi, na ilinifikia mimi mwenyewe. Unafungua mipangilio ya sauti, na kwenye orodha ya vifaa kuna kitu kimoja tu: "Sortie factice". Kwa Kiingereza inaandika Dummy Output. Maana yake seva haioni kifaa chochote cha kweli, imejitengenezea shimo la kumwagia sauti ili programu zisianguke. Hapa pavucontrol haitakusaidia. Uliza kerneli:

aplay -l

Kama inataja kadi, basi ALSA inaiona na ni seva ndiyo imelala. Iamushe. Kwenye PipeWire:

systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber

Kwenye PulseAudio ya zamani inatosha pulseaudio -k, inajiua na kujifufua. Haujui uko na ipi? Andika LANG=C pactl info na usome mstari wa Server Name. Ukiona neno PipeWire pale, ni yeye, hata kama neno PulseAudio limetangulia, kwa sababu PipeWire inajibu kwa jina la mkubwa wake ili programu za zamani zisipotee.

Lakini kama aplay -l inasema hakuna kadi, basi draiva haikupanda. Kwangu ilitokea kisha masasisho ya kerneli. Nilikuwa nimepata wifi ya bure, nikasasisha kila kitu, asubui yake masini bubu. Linux haitupaki kerneli ya zamani mara moja. Ukiwasha masini na kushika Shift (ao kufinya Esc, inategemea masini), unapata menyu ya GRUB. Unaingia Options avancées, unachagua kerneli iliyotangulia. Mimi nilifanya vile, sauti ikarudi, nikaendelea na ile ya zamani mpaka masasisho yaliyofuata yakarekebisha. Hakuna kuinstali upya, hakuna kupoteza data. Nawaambia hivi kwa sababu najua mtu aliyefomata masini yake yote, na memwari ndani, kwa tatizo ambalo GRUB ingelimaliza kwa dakika 2.

Kwenye laptopu za karibuni za Intel kuna sababu ingine: chip ya sauti inahitaji kupewa faili fulani kila inapowashwa, na kama faili hizo haziko kwenye diski, chip inabaki imelala. Kwenye Debian 12 paketi inaitwa firmware-sof-signed na iko kwenye sehemu ya non-free-firmware. Kwenye Fedora ni alsa-sof-firmware. Ukiandika sudo dmesg | grep -i sof na kuona malalamiko ya faili isiyopatikana, dawa ni hiyo.

Na mbele ya kuhangaika sana, kama uko na Windows na Linux pamoja kwenye masini moja: zima kabisa, tosha shaja, ngoja kidogo, washa moja kwa moja kwenye Linux. Windows haizimaki kweli siku hizi, inasinzia, na inaweza kuacha chip ya sauti katika hali ambayo Linux haiielewi. Inaonekana kama uchawi wa fundi, lakini iko na sababu yake.

Sasa projektere. Hii nimeshaiona kwenye difanse, jiri imekaa, wazazi wamevaa pagne mupya, mwanafunzi anataka kuonyesha video ya dakika moja ya shamba la majaribio, picha inatoka, sauti hakuna. Unapochomeka kamba ya HDMI, masini inaweza kuamua kupeleka sauti kupitia kamba ile, na projektere haina bafle, ao iko nayo lakini imefungwa. Fungua pavucontrol, ukurasa wa Configuration, na kwenye Profil ya kadi yako chagua Duplex stéréo analogique. Sauti inarudi kwenye masini, picha inabaki ukutani. Kinyume chake pia: ukitaka sauti itoke kwenye televizio, chagua profili ya HDMI. Kisha ukitosha kamba, kumbuka kurudisha, si vile utaamka kesho yake na kufikiri masini imekufa. Kama uko na difanse, enda oditwari siku moja mbele, chomeka, jaribu. Klavie ya alsamixer na jasho la jiri havipatani.

Maikro inastahili mafungu yake, kwa sababu mahojiano ya kazi mengi sasa yanafanyika kwa intaneti, na "hatukusikii vizuri" inaweza kukupotezea nafasi uliyoingoja mwaka mzima. Usingoje saa ya mahojiano. Fanya hivi:

arecord -f cd -d 5 jaribio.wav
aplay jaribio.wav

Sema jina lako kwa sekunde 5, kisha jisikilize. Ukisikia kimya, fungua Périphériques d'entrée kwenye pavucontrol, ongea, na uangalie kama kamstari kanaruka. Kama hakaruki, angalia kama kale kaalama ka bafle iliyokatwa kamefinywa, na kama Port iliyochaguliwa ni maikro ya ndani ao ya ekutere. Kwenye alsamixer, F4 inaonyesha upande wa kuingiza. Hapo kuna Mic Boost, na wengi wanaipandisha mpaka juu wakifikiri watasikika vizuri. Inapandisha na kelele zote: feni, jenereta ya jirani, mvua kwenye mabati. Iweke sifuri ao kwenye hatua ya kwanza, na pandisha Capture badala yake. Kama jaribio la arecord ni zuri lakini kwenye mkutano hawakusikii, basi ni nafigateri: angalia kwenye mstari wa anwani kama umeiruhusu kutumia maikro, na ndani ya mkutano wenyewe kama imechagua maikro ile ile.

Wenye ekutere za Bluetooth, mshangao wenu ni huu: muziki mzuri, kisha mkutano unaanza na sauti inakuwa kama ya simu ya zamani. Haijaharibika. Bluetooth ya kawaida iko na profili moja ya muziki, A2DP, ambayo haibebi maikro, na ingine ya simu, HFP ao HSP, inayobeba maikro lakini kwa ubora wa chini. Mkutano ukifungua maikro ya ekutere, profili inageuka. Tumia ekutere kwa kusikia tu na maikro ya ndani ya masini kwa kusema, na A2DP itabaki.

Vitufe vya klavie vya kupandisha na kushusha sauti vikikataa wakati sauti yenyewe iko, mara nyingi ni ofisi ya ekrani, si chip. Kwenye Xfce, ile ya Xubuntu, vitufe vile vinasikilizwa na kale kaalama ka sauti ka kwenye panelo. Mtu akikafuta kwa bahati mbaya akisafisha panelo, vitufe vinakufa. Kirudishe, na kwenye sifa zake hakikisha kile kisanduku cha vitufe vya klavie kimewekwa alama. Na kama vinapandisha kitu kisicho sawa, unaona mstari unapanda lakini sauti haibadiliki, basi kifaa cha msingi si kile unachosikiliza: kwenye pavucontrol, weka ile alama ya kijani kwenye kifaa cha kweli.

Juu ya kupita 100: pavucontrol inakuruhusu mpaka 153. Inafaa kwa rekodi dhaifu, mfano mzee aliyeongea mbali na simu. Lakini haiongezi nguvu kwenye bafle, inazidisha namba tu, na penye sauti ilikuwa tayari kubwa, vichwa vya mawimbi vinakatwa na unasikia mkwaruzo. Bafle ndogo za laptopu hazipendi kuishi vile kila siku. Kwa rekodi za mahojiano ni heri kufungua faili ndani ya Audacity, kutumia Normaliser, na kuhifadhi nakala mupya. Mudogo wangu alikuwa na tatu za aina hiyo, tulizipitisha zote.

Neno la mwisho ni la kukataza. Ukitafuta kwenye intaneti utakuta watu wanashauri kufuta pulseaudio yote na sudo apt purge. Usifanye. Soma orodha ambayo apt inakuonyesha mbele ya kufinya O, ao Y kama masini yako iko kwa Kiingereza: inaweza kung'oa na vipande vya ofisi yako ya ekrani, na hapo utakosa sauti na madirisha pamoja. Tena usianzishe seva ya sauti na sudo. Sauti ni ya mtumiaji, si ya root. Ukiianzisha kwa root, faili zilizo ndani ya ~/.config/pulse zinaweza kugeuka mali ya root, na wewe mwenyewe unafungiwa nje ya nyumba yako. Kama umeshafanya, rudisha:

sudo chown -R $USER: ~/.config/pulse

Kama umepita haya yote na bado kimya, usiniandikie "sauti haina" peke yake. Nitumie jina na toleo la Linux yako, jibu la aplay -l, jibu la LANG=C pactl info, na uniambie kama ekutere zinasema ao hazisemi. Na kama unaweza, picha ya alsamixer kisha kufinya F6. Nikiwa na umeme, nitajibu jioni.

Mudogo wangu alipeleka sura yake Jumatano saa nane mchana. Direktere alimrudishia na wino mwekundu kila ukurasa, lakini hiyo ni mambo ya direktere.